Kisumu hadi Maseno kwa reli: treni ndefu kila dakika 40, au treni fupi kila dakika 20?

Reli ipo. Inatoka stesheni ya Kisumu, inapita Kisian na Lela, inapanda Maseno, kisha inashuka kuelekea Luanda, Yala na Butere. Ni reli ya geji ya mita, yaani vyuma vyake viwili vimeachana mita moja, na ni njia moja: treni zinazokwenda na zinazorudi hutumia reli ileile. Hilo la njia moja ndilo linaloamua karibu kila kitu kitakachofuata, na ndilo watu hulisahau mara tu picha za treni mpya zinapowekwa mezani.

Hapa tunalinganisha namna mbili za kuendesha treni ya kila siku kati ya Kisumu na Maseno, kisha tunaigusa ya tatu. Namna ya kwanza ni kichwa cha treni kinachovuta mabehewa 8, kila dakika 40. Ya pili ni treni za DMU, yaani zile ambazo injini ya dizeli iko chini ya sakafu ya gari lenyewe na hazihitaji kichwa, magari 4 kila dakika 20. Nairobi tayari zipo. Zilinunuliwa zikiwa zimeshatumika katika kisiwa cha Mallorca, Uhispania, ambako nako kuna reli ya geji ya mita. Ya tatu ni tramu, yaani treni nyepesi ya umeme, ya njia mbili ndani ya mji.

Msimamo wetu tuutaje mapema: tunapendelea ya pili, kwa sharti kwamba zijengwe reli nne za kupishania, yaani vipande vifupi vya reli ya pili ambako treni mbili zinapishana, zenye swichi (vyuma vinavyoihamisha treni kutoka reli moja hadi nyingine) zinazogeuzwa kwa umeme. Bila hizo, ya kwanza inaishinda, na anayenunua DMU kabla ya kujenga mahali pa kupishana atakuwa na treni nzuri zinazosimama porini kungojana.

Wahesabu watu mahali panapofaa

Kazi inaanzia barabarani, saa 12 hadi saa 2 na nusu asubuhi, siku tatu za katikati ya wiki pamoja na siku moja ya soko. Simama Kisian, lakini upande wa Maseno, kabla ya makutano ya barabara ya Bondo. Ukihesabu baada ya makutano utawachanganya watu wa Bondo ambao reli hii haiwafikii, na hesabu yako itavimba bila wewe kujua. Andika kila robo saa: matatu za viti 14, za viti 33, na kwa kila moja kama ni tupu, nusu, imejaa au imezidi. Wiki ya kufungua na kufunga chuo Maseno ihesabiwe kando, isiingizwe kwenye wastani.

Halafu punguza. Si kila aliye ndani ya matatu atapanda treni. Anayeshukia Kondele hana faida na stesheni iliyo chini karibu na bandari, labda umpe usafiri wa kumpandisha juu kwa nauli ileile. Tuseme baada ya kupunguza unabaki na watu 900 katika saa yenye watu wengi zaidi, upande mmoja. Hii ni namba ya mfano tu, wewe weka yako. Kwa matatu za viti 14 hiyo ni magari 65 kwa saa, takribani moja kila sekunde 55. Kwa zile za 33 ni 28.

Namba ya saa nzima bado haitoshi. Watu hawaji sawasawa. Ikiwa robo saa ngumu kuliko zote ilipitisha watu 285, basi kwa dakika hizo mwendo ni wa watu 1,140 kwa saa, na treni ya kila dakika 20 itakutana na watu 380. Hiyo 380 ndiyo ya kupangia. Anayepangia 300, yaani 900 kugawanya kwa tatu, ataacha watu jukwaani kila siku katika treni ileile moja, na hao ndio watakaorudi kwenye matatu wakisimulia.

Uwezo kwenye karatasi

Behewa la kawaida tulipe viti 72 na mita 12 za mraba za kusimama. Kwa watu 4 kwa kila mita ya mraba, ambao bado wanaweza kushika chuma na kupumua, behewa linachukua 120. Mabehewa 8 ni 960. Kila dakika 40 ni treni moja na nusu kwa saa, kwa hiyo nafasi 1,440.

Gari la DMU ni fupi na jembamba kidogo: viti 50, wa kusimama 50, jumla 100. Magari 4 ni 400, mara tatu kwa saa ni 1,200.

Kwa karatasi, treni ndefu imeshinda. Ndiyo sababu kamati nyingi huichagua. Lakini anayefika stesheni bila kuangalia saa atangoja wastani wa dakika 20 kwa treni ya kila dakika 40, na dakika 10 kwa ile ya kila dakika 20. Aliyeikosa kwa sekunde tano atangoja 40 nzima huku makanga akimwita kutoka ng'ambo ya barabara. Nafasi 240 za ziada hazina mtu wa kuzikalia ikiwa ngoja-ngoja imeshamfukuza.

Usipange kwa watu 6 kwa mita ya mraba. Namba hiyo ipo, na siku ya mvua kubwa itatokea yenyewe; DMU ileile itabeba 500. Iache iwe akiba ya siku mbaya. Ukiipanga kama hali ya kawaida, siku mbaya haitakuwa na pa kwenda.

Mahali pa kupishana: hapa ndipo uamuzi ulipo

Tuchukulie safari ya Kisumu hadi Maseno ni dakika 40 pamoja na vituo. DMU ikifika mwisho, dereva anazima kibanda kimoja, anatembea mita 70 hadi cha upande wa pili, anawasha, anajaribu breki. Dakika 4 zinatosha, tumpe 10. Mzunguko mzima ni 40 + 10 + 40 + 10, yaani dakika 100. Gawa kwa 20: treni 5, hakuna sehemu inayobaki.

Sasa chora. Karatasi ya mistari, muda ukienda kulia, stesheni zikipanda juu. Kila treni ni mstari wa mshazari. Kila mistari miwili inapokatana, treni mbili zinakutana, na kwenye njia moja ni lazima hapo pawe na reli ya pili. Ratiba hii inakatana dakika ya 5, ya 15, ya 25 na ya 35 baada ya treni kuondoka Kisumu. Mahali panne, na mahali pawe hapo hapo, si kilomita mbili mbele kwa sababu kuna kiwanja cha serikali.

Fanya hivyo kwa treni ya kila dakika 40. Kichwa kikifika mwisho lazima kifunguliwe, mipira ya breki itolewe, kizunguke kwa reli ya pembeni, kiunganishwe upande wa pili, breki zijaribiwe. Dakika 15 kama wafanyakazi ni wepesi, tumpe 20. Mzunguko ni dakika 120, treni 3, na mistari inakatana dakika ya 10 na ya 30 tu. Mahali pawili.

Na anayetaka kila dakika 15? Mzunguko unakuwa 105, treni 7, mahali pa kupishana 6, mbili kati ya hizo zikiwa karibu kabisa na stesheni za mwisho. Magari 8 zaidi na reli mbili zaidi, ili abiria apunguziwe dakika mbili na nusu za kungoja. Kwa kuanzia hatuoni thamani yake. 

Kanuni ya kuibeba kichwani: muda wa kwenda na kurudi kati ya reli mbili za kupishania zinazofuatana lazima ulingane na muda kati ya treni na treni. Tunasema kwenda na kurudi kwa sababu Maseno iko juu ya Kisumu kwa zaidi ya mita 300. Kupanda kutachukua dakika 43 labda, kushuka 37. Idadi ya treni haibadiliki, lakini mahali pa kukutana panasogea. Anayegawa njia vipande sawa kwa kipimo cha kilomita atakosea kila kipande.

Stesheni za zamani ziliwekwa kwa mahitaji ya treni za mizigo za wakati ule, kwa hiyo usitarajie reli zake za pembeni ziangukie dakika yako ya 15. Pengine moja itaangukia. Zile nyingine utajenga. Uswisi walilikubali hili mapema: mradi wao wa Bahn 2000, uliopigiwa kura mwaka 1987, ulianza na ratiba waliyoitaka, treni zikutane kwenye stesheni kubwa kwa wakati mmoja, ndipo wakajenga njia mpya kati ya Mattstetten na Rothrist ili safari ya Zürich hadi Bern ishuke chini ya saa moja. Ratiba hiyo ilianza Desemba 2004. Ratiba ikaamua reli.

Urefu nao unatofautiana. Mabehewa 8 ya mita 20 na kichwa cha mita 18 ni mita 178. Ukiweka nafasi ya kusimama salama, reli ya kupishania isipungue mita 230. DMU ya magari 4 ya mita 17 ni mita 68, na mita 110 zinatosha. Ila treni ya mizigo ikipita mchana, hesabu hiyo imekufa, maana reli ya kupishania lazima imeze treni ya mizigo nzima. Ihamishieni mizigo baada ya saa 3 usiku na muiandike kwenye mkataba, si kwenye kumbukumbu za mkutano.

Upande wa namna ya kwanza, haki yake tuitoe. Ikiwa swichi bado zinageuzwa kwa mkono na ruhusa ya kuingia njia bado inapewa dereva kwa simu na karatasi, kila kupishana kunakula dakika 4 hadi 5. Kwa mahali pawili kwa safari, unapoteza dakika 10 na ratiba ya dakika 40 inaweza kubeba. Kwa mahali panne ni dakika 20, ukiwa na treni ya kila dakika 20. Haiendi. Swichi za umeme na taa zinazoendeshwa kutoka chumba kimoja zinashusha kupishana hadi chini ya dakika mbili, na hizo ni sehemu ya bei ya DMU hata kama muuzaji wa DMU hazitaji.

Mlangoni

Tazama mama anayepanda Lela na beseni la omena asubuhi. Behewa la zamani lina mlango mmoja kila ncha, mwembamba, na ngazi tatu kutoka jukwaa la chini. Anaweka beseni juu kwanza. Anashika chuma. Aliye ndani anamsaidia kulisogeza, na wote walioko nyuma yake wanangoja. Sekunde 2 kwa mtu ni makisio ya ukarimu.

Watu 120 wakishuka na 160 wakipanda kwenye milango 16, kwa mgawanyo sawa ni kama 18 kwa mlango. Hawagawanyiki sawa. Mlango ulio mkabala na lango la stesheni hupata mara mbili, watu 35, na hizo ni sekunde 70, pamoja na 10 za kufungua na kufunga. Treni haiondoki kabla ya mlango ule mmoja.

DMU ya kila dakika 20 inakutana na nusu ya watu hao, ina milango minane mipana ya kupita wawili wawili, na kama jukwaa limeinuliwa liwe sawa na sakafu, mtu hutumia sekunde moja. Sekunde 18 hivi, ongeza 10. Unaokoa takribani sekunde 50 kila kituo. Kwa vituo vitano vya katikati ni dakika 4.

Lakini soma sharti: kama jukwaa limeinuliwa. DMU kwenye jukwaa la chini ni behewa lenye ngazi kama lile lingine, na dakika 4 zako zimepotea. Kuinua jukwaa la mita 80 ni udongo, mawe na zege, kazi ya mkandarasi wa kawaida. Bado huachwa nje ya bajeti mara nyingi kuliko kitu kingine chochote tunachokifahamu.

Mvua, mlima na kuharibika

Kichwa kimoja kinachovuta mabehewa 8 kupanda Maseno kinashika reli kwa magurudumu yake peke yake. Masika ikilowesha reli, na majani yakipondwa juu yake, magurudumu yanateleza. Dereva anamwaga mchanga, mwendo unashuka, dakika zinakwenda. DMU ina injini zilizogawanywa kando ya treni, kwa hiyo magurudumu mengi zaidi yanasukuma. Na injini moja ikizima, treni inajikokota hadi kituo. Kichwa kikizima, watu 960 wamekwama.

Sehemu mbovu ya reli nayo ihesabiwe. Kilomita moja iliyowekewa kikomo cha 20 badala ya 50 kwa saa inakula sekunde 108, kabla ya muda wa kupunguza na kuongeza mwendo. Karibu dakika mbili, na mahali pa kukutana pamesogea kutoka kwenye reli yake. Treni moja inafika, inasimama, inangoja mwenzake. Mkifikiria baadaye njia ya Kibos na Miwani, hili litakuwa kubwa zaidi, kwa sababu udongo mweusi wa Kano unavimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, kokoto zinazama kwenye matope, na reli haikai sawa hadi maji yapewe njia ya kutoka.

Kuchelewa huambukiza: treni iliyochelewa dakika 4 mahali pa kupishana inamchelewesha mwenzake dakika 4. Hapa DMU inasaidika, kwa kuwa dakika 10 za mwisho wa safari zina 6 za akiba. Treni ya kichwa, pamoja na dakika zake 20, ina 5 tu.

Vifaa na watu

| | Kichwa na mabehewa 8 | DMU ya magari 4 |
|---|---|---|
| Treni zinazozunguka | 3 | 5 |
| Magari ya kununua, pamoja na akiba | mabehewa 27 na vichwa 4 | magari 24 |
| Mahali pa kupishana | 2 | 4 |
| Madereva | 12 hivi | 20 hivi |

DMU zinunuliwe kwa jozi za magari mawili: jozi 10 barabarani, moja ya dharura, moja karakana. Mchana, watu wakipungua, unafungua jozi moja na kuendesha magari mawili kwa muda uleule wa dakika 20. Mabehewa 8 huwezi kuyapunguza bila kusumbuka na kupanga upya, kwa hiyo yanazunguka tupu yakichoma mafuta.

Madereva tumewahesabu kwa huduma ya saa 11 na nusu alfajiri hadi saa 3 usiku, saa sita za usukani kwa mtu, na nusu ya ziada kwa likizo, ugonjwa na siku za mapumziko. Hao 20 ni gharama ya kila mwezi, na ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi ya DMU. Treni ya kichwa nayo ina watu wake wa kufungua na kuunganisha pande zote mbili, zamu zote.

Tramu, na metro

Tramu ya mita 30 hubeba kama watu 200. Kila dakika 6 kwenye njia mbili ni watu 2,000 kwa saa, na inaweza kupanda hadi Kondele ambako reli ya sasa haifiki. Huo ndio mvuto wake. Inahitaji umeme wake, karakana yake na vipuri vya fedha za kigeni kila mwaka. Addis Ababa ilianza mwaka 2015 na tramu 41, na baada ya miaka michache sehemu kubwa ilikuwa imesimama kwa kukosa vipuri. Kwa watu 900 kwa saa tusingeigusa. Wakifika 2,000 na kubaki hapo, mjadala ni mwingine.

Metro ya magari 6, watu 200 kila gari, treni 30 kwa saa, ni watu 36,000. Cairo, yenye metro tangu mwaka 1987, ina umati wa kuijaza.

Ukiwa na fedha nusu

Wengi watakuwa hapo. Anza na mabehewa kila dakika 40, lakini jenga reli zako mbili za kwanza kwenye dakika ya 15 na ya 25 za ratiba ya DMU, si ya 10 na ya 30. Ratiba ya mwanzo itabanwa: vipande vya mwisho vinakuwa virefu, treni zitalazimika kungojana, na muda kati ya treni na treni huenda ukapita dakika 40 kidogo. Vumilieni. Reli ya kupishania ikishamwagiwa kokoto haihamishwi, na ya dakika ya 10 haitakuwa na kazi yoyote siku DMU zitakapofika.

Inueni majukwaa kwa urefu wa mita 80 tangu sasa, kwa kimo cha sakafu ya DMU mnayoikusudia. Acheni upande uliobaki uwe wa chini kwa mabehewa.

Na kabla ya kutia sahihi, endesheni treni tupu kati ya Kisumu na Maseno mara kumi, nyingine mvua ikinyesha, zikisimama kila kituo kwa sekunde zilizopangwa. Andikeni muda wa kila kipande. Zipangeni kuanzia ya haraka hadi ya polepole, kisha kwa kila kipande chukueni ya tisa. Msichukue wastani: ratiba iliyojengwa juu ya wastani inachelewa karibu siku moja kati ya kila mbili.